Wilaya Isiyokuwa na Lalamiko Hata Moja

Kwanza niseme wazi, asije mtu akanielewa vibaya: mimi sina malalamiko. Mimi ni karani wa daraja la pili katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Kandokando, na huu ni mwaka wa kumi na sita nakalia kiti kile kile, ambacho kina miguu mitatu na tofali moja. Naitwa Sudi. Kazi yangu ni kupokea barua, kugonga mihuri na kutunza Daftari la Malalamiko, ambalo tangu ile harusi liko jeupe pe. Jina la nchi yetu sitalitaja. Wanaoishi humo wanalijua, na wasioishi humo hawana haja ya kujisumbua.

Ndiyo, mambo yalianza na harusi.

Tulikuwa na kampuni mbili za simu, Paza na Nong'ona. Kila mwenye akili timamu alikuwa na laini mbili: ya Paza kwa siku ambazo Nong'ona imekatika, na ya Nong'ona kwa siku ambazo Paza imekatika. Zilikatika kwa zamu, kwa adabu, mtu akikosa huku anapata kule. Hapa kwetu Paza ilikuwa na mnara wake juu ya Kilima cha Nyuki, juu ya mji wetu, na Nong'ona ilikuwa na wake juu ya Kilima cha Mawe, ng'ambo ya mto. Sisi tulikuwa tunaongea na dunia nzima bila kujua kwamba tuna tatizo.

Siku moja redio ikatangaza kwamba Paza na Nong'ona wameamua kuungana. Waziri wa Sauti na Mawimbi, Mheshimiwa Dakta Ndubule, alilikataa neno hilo. Alisema kuungana ni neno la wafanyabiashara. Hii ilikuwa ndoa. Basi ikaundwa kamati ya harusi yenye wajumbe arobaini, zikashonwa sare, na wakurugenzi wa Nong'ona wakafungiwa hotelini wiki nzima wakifundwa na makungwi watatu walioajiriwa na serikali. Walipotoka walikuwa wapole sana, na mmoja alikuwa hawezi tena kutazama watu machoni.

Usiku wa harusi sikulala na njaa, maana hata sisi wa wilayani tuliletewa kipande cha keki kwa gari la nyaraka. Hotuba niliisikia redioni.

"Ndugu wananchi," alinguruma Waziri, "kwa miaka mingi taifa hili limekuwa likisema kwa midomo miwili. Kuanzia leo tutasema kwa mdomo mmoja! Na mtu mwenye mdomo mmoja hahitaji minara miwili kila mahali kama mtu aliyechanganyikiwa!"

Nilipiga makofi peke yangu ofisini. Kampuni mpya ikaitwa Kauli Moja.

*

Likaja suala la makazi. Tuliambiwa wanandoa hawalali kila mmoja kwenye kilima chake, jambo ambalo ni kweli kabisa. Lakini nani ahamie kwa nani? Watu wa Paza walisema bibi harusi ndiye anayehama. Watu wa Nong'ona wakauliza nani kawaambia kwamba wao ndio bibi harusi. Ugomvi ukawa mkubwa, hadi serikali ikaleta Tume ya Usuluhishi wa Minara, wazee sita wenye kamba ndefu na busara nyingi. Walipima kutoka kilima hadi kilima, wakapata nusu kamili ya njia, wakatamka kwamba hapo ndipo minara yote miwili itakapokaa, ili asionekane aliyeshinda wala aliyeshindwa.

Nusu ya njia ilikuwa chini kabisa bondeni, kando ya mto, upande wa ng'ambo.

Kulikuwa na mhandisi mmoja kwenye Tume, Bi. Rehani, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo. Alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mnara huwekwa juu ili mawimbi yafike mbali. Tukiuweka humu shimoni tutakuwa tunaongea na vyura."

"Mhandisi, wewe unapinga ndoa?"

"Sipingi ndoa. Napinga shimo."

Baada ya wiki moja Bi. Rehani alipandishwa cheo, akawa Mkurugenzi wa Mapango ya Taifa. Ofisi yake iko ndani ya pango la tatu. Tunaambiwa ni pazuri, hakuna kelele.

Minara ikashushwa tarehe mbili, siku ya Alhamisi, na kusimikwa bondeni mgongo kwa mgongo, ikazungushiwa ua mmoja wa seng'enge. Na kweli tupu ni kwamba ndani ya ua ule mtandao ni mzuri ajabu. Nje ya ua unafika hadi kwenye jiwe jeupe lililo ukingoni mwa mto, upande ule ule wa ng'ambo, halafu basi. Pale langoni pana kibao: MTANDAO UPO HAPA. MARUFUKU KUINGIA. Sisi wa mjini tunakisoma vizuri kabisa kutoka upande wetu, maana mto una upana wa hatua kumi na mbili tu.

Wapo waliouliza kwa nini mtu asivuke maji kwa miguu. Walioukaribia mto wakiwa na nia hiyo waliulizwa swali hilo hilo na askari wa ua, na mmoja wao bado anaulizwa.

*

Sasa nieleze habari ya kibali. Nchi yetu inawapenda watu wake, na anayependa hutaka kujua mpenzi wake yuko wapi. Kwa hiyo kila anayetoka wilayani hupita kizuizi cha darajani na kuonyesha kibali cha safari. Zamani kilikuwa karatasi, nikikigonga muhuri mimi mwenyewe. Kwa heshima ya ndoa, serikali iliifuta karatasi. Sasa kibali ni namba yenye tarakimu sita, inayotumwa kwenye simu ya msafiri na kudumu dakika tatu. Msafiri anaisoma mbele ya Sajini Mawenge, mkuu wa kizuizi, naye anaihakiki kwa mashine yake.

Kizuizi kiko upande wetu wa daraja. Msomaji mwepesi ameshaanza kuhesabu hatua. Namwomba asiwe na haraka.

Tarehe tatu asubuhi dada yangu Tunu aliingia ofisini. Huyu ni dada yangu wa tumbo moja, na mama yetu alipofariki ndiye aliyenilea. Anashona sare za shule. Ana mtoto mmoja tu, Raya, mwalimu kule Mkoani, ambaye wakati huo alikuwa amelazwa wodi ya wazazi, mimba ya kwanza na presha iliyokataa kushuka. Daktari alikuwa ameamua kumfanyia upasuaji tarehe ishirini. Damu ya Raya ni ya kundi lisilopatikana kirahisi, na jokofu la hospitali halikuwa nayo hata chupa. Aliyelingana naye ni mama yake. Raya alipiga simu kusema hayo alasiri ya siku ya mwisho ya minara ya zamani.

"Mama, usichelewe. Wanasema bila damu mkononi hawathubutu kunigusa, na wakikaa bila kunigusa..."

Hapo ikakatika. Minara ilikuwa imeanza kushuka.

Dada alisimama mbele ya meza yangu na begi lake tayari mkononi.

"Sudi, nipe kibali."

"Dada, vibali siku hizi haviko kwangu. Vinakuja kwenye simu."

"Simu haina mtandao."

"Basi hilo unatakiwa ulilalamikie."

"Nalalamika."

"Si kwangu. Malalamiko yanapokelewa kwa simu. Ni namba ya bure kabisa."

"Mdogo wangu, nitapigaje simu kusema kwamba simu haipigi?"

Nilifurahi, kwa sababu swali hilo lina jibu. Nilifungua Mwongozo wa Huduma kwa Mteja, ukurasa wa tisa, nikamsomea: "Mteja asiyeweza kupiga, atulie. Atapigiwa."

"Nitulie," akasema. "Mwanangu yuko kitandani anahesabu siku, mimi nitulie."

Nilimweleza kwamba utaratibu umepangwa na watu waliosoma. Alichukua begi lake akatoka bila kuniaga, na mimi nikarudi kwenye barua zangu. Nilikuwa na barua nyingi siku hiyo.

*

Watu wa Kandokando ni warina asali tangu zamani. Kila nyumba ina mianzi mirefu ya kushushia mizinga. Haikupita wiki, mtu mmoja akafunga simu yake kwenye ncha ya mwanzi, akaunyoosha juu ya mto hadi kwenye jiwe jeupe. Simu ikalia. Kufikia Jumapili ukingo wote ulikuwa umejaa watu wenye mianzi, na kazi hiyo ikapewa jina: kurina ujumbe. Unaandika neno RUHUSA la kuomba kibali, unabonyeza tuma, kisha unaisukuma simu ng'ambo upesi kabla haijakata tamaa.

Dada Tunu aliunganisha mianzi mitatu kwa vipande vya kaki vya kaptura za wanafunzi. Mikono yake ilitoka malengelenge. Siku ya kwanza simu ilifika kwenye jiwe, ikalia mfululizo, akairudisha upesi. Zilikuwa jumbe thelathini na moja, zote za Kauli Moja: HONGERA MTEJA, SASA UKO KWENYE MTANDAO MPANA ZAIDI. Tulikuja kugundua kwamba jumbe za watu hukaa foleni nyuma ya pongezi, na pongezi haziishi.

Namba ya kibali haikai foleni, kwa sababu ni ya serikali. Ilimfikia siku ya tatu ya kujaribu. Nilikuwa darajani nimepeleka bahasha, nikamwona anakuja mbio, mwanzi begani, mtandio umeanguka shingoni.

"Sajini, hii hapa! Nne, sifuri, saba, saba, moja, tisa!"

Sajini Mawenge ni mtu mwema. Aliziandika zile namba kwenye mashine yake haraka kadiri ya vidole vyake. Mashine ikafikiri. Kisha ikaandika: HAKUNA MTANDAO.

"Mama, mashine hii lazima iwe ng'ambo ndipo ihakiki."

"Basi ivushe! Bado dakika moja na nusu."

"Imefungwa kwa mnyororo hapa mezani, isiibiwe."

"Vuka wewe basi, ukasome kule kwenye ua."

"Nivuke na nini?" Sajini alisema polepole. "Mimi mwenyewe sina kibali. Anayenipokea zamu yuko ng'ambo tangu tarehe mbili, hawezi kuja, na mimi siwezi kwenda. Nyumba yangu ni ile pale, yenye bati la bluu. Kila asubuhi namwona mke wangu anafagia uwanja, na haruhusiwi kusogea mtoni."

Wakasimama wote wawili wakiitazama ile namba hadi dakika zikaisha. Dada akaketi juu ya mianzi yake pale pale barabarani. Nilitaka kumwambia neno la kumtuliza, lakini yaliyokuja kichwani yote yalikuwa ya ukurasa wa tisa.

*

Ijumaa ya tarehe kumi gari la nyaraka lilileta bahasha yenye nembo ya dhahabu. Nchi nzima ilikuwa imepimwa kwa uchache wa malalamiko yaliyopigwa kwenye ile namba ya bure, na Wilaya ya Kandokando ilikuwa imeongoza. Hatukupiga hata simu moja. Mheshimiwa Waziri angekuja mwenyewe Jumatano, tarehe kumi na tano, kutukabidhi Ngao ya Utulivu. Chini ya barua palikuwa na maelekezo: Mheshimiwa atakaposhuka garini, simu zote za wananchi ziite kwa pamoja kwa dakika mbili, kama ishara ya upendo.

Mkuu wetu wa Wilaya, Bwana Makorongo, aliisoma mara tatu, jasho likimtoka hadi kwenye masikio.

"Sudi, simu zitaitaje?"

Wazo lilikuwa langu. Nalisema kwa sababu naandika kweli tupu. Nilisema: "Ziite kwa midomo, mzee."

Mazoezi yakafanyika kwenye uwanja wa mpira. Walimu walipewa mlio wa krii krii. Kwaya ilipewa ule wa kinanda, sauti nne. Wazee walipewa mtetemo, wakakaa kwenye mabenchi wakivuma mmmm, mmmm, na mmoja alivuma vizuri hadi wenzake wakawa wanajipapasa mifukoni. Bwana Makorongo alitokwa na machozi ya furaha. Kisha akataka na jambo lenye hisia: mwananchi mmoja azungumze kwa simu mbele ya Mheshimiwa. Awe mama wa kweli, mwenye mtoto wa kweli, ikiwezekana aliye hospitali.

"Si una dada?" akaniuliza.

Nilimwendea Dada jioni ile, nikamwambia kwamba akikubali kuigiza, Mkuu ameahidi kulitazama suala la kibali chake. Alikuwa anakula maini na mchicha. Alikuwa anakula hivyo kila siku, ili damu iwe nzuri.

"Nitakuwa mbele ya Waziri mwenyewe?"

"Hatua mbili tu."

"Nitakuja," akasema.

Mistari yake niliiandika mimi, na ilikuwa mifupi: "Haloo mwanangu, nakusikia vizuri utadhani uko chumba cha pili. Ahsante Kauli Moja."

*

Siku ile jua lilikuwa kali na kila kitu kilikwenda sawasawa. Waziri alishuka, uwanja mzima ukaita. Alisimama mkono kifuani, akasikiliza krii krii na mitetemo, akasema hajawahi kuona taifa likipatikana namna hii. Akahutubia saa moja na robo. Alisema mtandao si mnara, mtandao ni moyo. Kwamba ziko nchi tajiri ambazo mtandao unafika kila mahali lakini watu hawana la kuambiana. Tukapiga makofi. Kisha Dada Tunu akaitwa mbele.

Aliweka simu sikioni. Bwana Makorongo akakohoa kumpa ishara. Ndipo akaanza, na hakuna hata neno moja alilolisema katika yale niliyomwandikia.

"Raya. Ni mama. Sijakuacha, mwanangu, usije ukafikiri nimekuacha. Niko hapa darajani kila siku, barabara naiona. Damu ninayo, naitunza. Zimebaki siku tano. Mimi niko tayari tangu zamani, ni njia tu sipewi. Usiogope. Kama unaogopa, ogopa kidogo tu, kisha ulale."

Mzee wa mtetemo alikuwa analia waziwazi. Nilitazama chini, kwenye viatu vyangu, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niajiriwe.

Mheshimiwa Waziri alisogea akaichukua ile simu kwa upole. "Hebu nami nimsalimie binti."

Akaiweka sikioni. Nilikuwa karibu, nimeshika daftari la kumbukumbu, nikamwona vizuri. Nilimwona alivyoupokea ule ukimya. Jicho lake moja likacheza. Ilikuwa nafasi ya kuujua ukweli mbele ya wilaya nzima, na simu ilikuwa mkononi mwake. Kisha akatabasamu.

"Haloo, binti! Naam. Naam. Ala! Lini? Sasa hivi?" Akageukia kipaza sauti. "Ndugu wananchi, amejifungua! Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, mama na mtoto salama salimini! Na anasema, kwa hiari yake mwenyewe, mtoto ataitwa Kauli!"

Uwanja ukalipuka. Kwaya ikaanza kuimba kwa mlio wa kinanda kwa sababu ndio iliokuwa imeufanyia mazoezi. Watu walimkumbatia dada yangu, wakamnyanyua juu. Yeye alikuwa amenyoosha mkono, anasubiri arudishiwe simu yake.

Cheti cha kuzaliwa nilikichapa siku ile ile. Waziri alitia sahihi kama shahidi. Na Dada alipomfuata Bwana Makorongo kuhusu kibali, aliambiwa kwa mshangao wa kweli: "Safari ya nini tena, mama? Si kashajifungua? Serikali imeongea naye kwa mdomo wake."

*

Alhamisi asubuhi Dada alikuja ofisini akasimama pale pale aliposimama tarehe tatu.

"Sudi, unaamini?"

"Imeandikwa, Dada."

"Sikuulizi imeandikwa nini."

Nilitazama mashine yangu ya kuchapa, nikatazama cheti kilichokuwa kinasubiri bahasha. Alinibeba mgongoni huyu. Alinifundisha kusoma kwa kutumia magazeti ya kufungia vitambaa.

"Siamini," nikasema. Sauti yangu yenyewe ilinishtua.

Kisha nikafanya jambo ambalo karani wa daraja la pili anaruhusiwa kulifanya: nikafungua Kanuni za Nyaraka. Kibali kinahitajika kwa watu. Nyaraka za serikali hupita kizuizini bila namba, kwa gari la Ijumaa, na dereva huhesabiwa kuwa sehemu ya gari. Cheti ni waraka, na lazima kimfikie mzazi. Na kanuni ya kumi na nne inasema: viambatanisho vyote vya waraka vitasafiri pamoja nao, visitenganishwe.

Nikaingiza kwenye orodha: Cheti cha kuzaliwa, kimoja. Kiambatanisho: bibi wa mtoto, mmoja, mzima.

Ijumaa nilikibana cheti kwenye kanga yake kwa pini nne. Nilimgonga muhuri kwenye kiganja. Akaniambia nigonge na kwenye paji la uso, wa mkononi usije ukafutika kwa jasho. Nikagonga, muhuri ukakaa upande.

Sajini Mawenge aliisoma orodha mara mbili. Akamtazama Dada, akalitazama lile paji la uso, akasoma mara ya tatu.

"Waraka na kiambatanisho," akasema. "Sawa." Aliponyanyua mti wa kizuizi aliinama dirishani. "Mama, pale kwenye bati la bluu, mwambie dereva apige honi mara moja. Atajua ni mimi."

Dada alikuwa amekaa nyuma katikati ya mabunda ya bahasha, kimya, kama kiambatanisho kinavyotakiwa kukaa. Gari likavuka. Honi ikalia. Mwanamke aliyekuwa anafagia akasimama wima.

*

Jumatatu ya tarehe ishirini nilikaa ofisini sikuandika kitu.

Bwana Makorongo alikuja kujua baada ya siku mbili. Ukatoka waraka mpya: nyaraka zenye miguu hazitapita. Muhuri sasa unakaa mfukoni mwake. Dereva amepelekwa Mapango ya Taifa, pango la tano, na dereva mpya ameapishwa asijibu maswali. Barua za watu binafsi zinazoingia wilayani hukabidhiwa baada ya mpokeaji kusoma namba ya tarakimu sita itakayotumwa kwenye simu yake. Ziko pale kwenye kizuizi, gunia zima, Sajini ananionyesha.

Nilichukua mianzi ya Dada. Kila alasiri nikitoka kazini nafunga simu yangu nchani, nainyoosha hadi kwenye jiwe jeupe. Siku ya nne simu ililia. Pongezi tatu, na ya nne ilikuwa hii: MPENDWA MTEJA, NAMBA IFUATAYO ILIJARIBU KUKUPIGIA MARA KUMI NA NNE. HUKUPATIKANA. KAULI MOJA, TUKO NAWE DAIMA. Namba ni ya Raya. Tarehe ishirini, mchana.

Mara kumi na nne. Nimekaa na hesabu hiyo mwezi wa pili sasa. Mwenye furaha hupiga mara ngapi? Mara tatu, akikosa anasema nitampata kesho. Au anapiga kumi na nne kwa sababu furaha haimtoshi kifuani? Na mwenye msiba je? Sijui hata aliyeishika ile simu ni mwenyewe Raya, au ni dada yangu, au ni muuguzi aliyeikuta kitandani.

Jana nilifungua Daftari la Malalamiko. Mwongozo unakataza kuandika humo lalamiko ambalo halikupigwa kwa simu. Nikaandika namba moja, na jina langu, na haya yote uliyoyasoma. Karatasi nimezikata, nikazibana nyuma ya ripoti ya robo mwaka kama kiambatanisho. Hazina miguu, zitapita.

Wewe uliyezipokea uko ng'ambo, kwa kuwa zimekufikia. Nakuomba kitu kimoja. Hospitali ya Mkoani, wodi ya wazazi, waulize habari za Raya, mwalimu, mwenye mwanya, na mtoto, na mama mmoja mwenye alama ya muhuri uliokaa upande kwenye paji la uso. Usinipigie. Usiniandikie barua. Kwenye ripoti yenyewe, ukurasa wa kwanza, nimeandika tarehe thelathini na mbili kwa makusudi, na ripoti yenye kosa hurudishwa kwa karani aliyeiandika, kwa gari la Ijumaa, bila namba. Zungushia hilo kosa kwa wino mwekundu kama kawaida. Pembeni yake andika neno moja tu, wapo, au hawapo.

Zaidi ya hilo sina malalamiko.